Mlinzi wa Mlango na Ujira wa Mwanachuo

Wapokezi wa habari za wanafalsafa wa Kiyunani wametuachia kisa cha Cleanthes, mzaliwa wa Assos katika Asia Ndogo, ambaye kabla ya kuwa mtafuta hekima alikuwa mpigana ngumi, na ambaye aliingia mji wa Athens akiwa na drakma nne tu, akaketi kwa mwanafalsafa Zeno kujifunza. Mchana alihudhuria darasa. Usiku alichota maji visimani na kumwagilia bustani za watu, akatwanga nafaka ya mwanamke mmoja muuza unga, na kwa ujira wa kazi hizo akajilisha na kujivisha. Watu walipomwona kijana yule ana siha nzuri ilhali hana shamba, hana biashara wala hana jamaa wa kumtunza, waliingiwa na shaka, akafikishwa mbele ya waamuzi wa Areopago aeleze riziki yake inatoka wapi. Hakujitetea kwa maneno mengi. Alimleta mwenye bustani akashuhudia, akamleta na muuza unga akashuhudia, na waamuzi wakaridhika hata wakaamuru apewe mina kumi, zawadi ambayo mwalimu wake Zeno alimkataza kuipokea. Zeno alipofariki, ni huyo mchota maji aliyerithi kiti cha kufundisha.

Bidii ya Cleanthes husifiwa sana, na yastahili kusifiwa. Lakini mimi hushughulishwa zaidi na ile shaka ya watu wa Athens. Walidhani nini, hata kijana mzima anayesoma akawa mtu wa kuhojiwa barazani? Walidhani, kama alivyofundisha Aristotle aliyewatangulia kwa muda si mrefu, kwamba kazi za ujira huinyima akili wasaa na kuidhalilisha, na kwa hiyo elimu ni fungu la mtu ambaye tumbo lake limekwisha kushughulikiwa na wengine, aghalabu watumwa. Nasi wa mwambao hatuwezi kuwalaumu peke yao, kwa kuwa katika miji yetu zilikuwapo zama ambazo muungwana hakubeba mzigo mbele za watu, na ulaini wa viganja ulikuwa ushahidi wa nasaba. Na ingawa zama hizo zimepita, athari yake ingalimo nyoyoni, maana hata leo mzazi, awe wa Tanga au wa Kisumu, husikika akimhimiza mwanawe asome kwa bidii asije akaishia kushika jembe.

Basi liko swali la kale ambalo kila kizazi cha wanachuo hulikuta mlangoni: je, mtafuta elimu akiuza saa zake kwa ujira, akafagia ukumbi, akapanga vitabu maktabani, akaosha sahani za wenzake au akafanya kibarua katika likizo ndefu, heshima ya elimu yake hupungua? Dini zote ninazozijua hujibu kwamba haipungui, na nitaonyesha hivyo punde. Lakini nyuma ya swali hilo limejificha jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, na ambalo watu wa dini hawaliulizi mara nyingi kama inavyopasa: ni nani anayelazimika kuziuza saa hizo, ni nani anayesamehewa, na ule ujira ukisha kupatikana huenda wapi?

Mayahudi wamehifadhi katika Talmud habari za Hillel, aliyetoka Babeli akaja Yerusalemu kusoma. Kila siku alifanya kibarua akapata sarafu moja ndogo. Nusu aliitumia kwa riziki yake na ya nyumba yake, na nusu alimpa mlinzi wa mlango wa nyumba ya masomo ili aruhusiwe kuingia. Ikatokea siku moja ya kipupwe, Ijumaa, hakupata kazi, na mlinzi akamkatalia. Hillel akapanda juu ya paa, akalala kifudifudi penye tundu la mwanga ili ayasikie maneno ya walimu wake Shemaya na Abtalion, na theluji ikanyesha usiku kucha ikamfunika. Alfajiri walimu wakaona chumba kina giza kuliko kawaida. Walipoinua macho wakaona umbo la mtu juu ya tundu, wakapanda, wakamfukua, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakamweka karibu na moto, ijapokuwa ilikuwa Sabato na kazi hizo zimekatazwa siku hiyo.

Kisa hiki ni kizuri na mimi nakipenda. Hata hivyo yafaa tutazame kimesimuliwa kwa muradi gani: kimesimuliwa ili kumfunga kinywa maskini. Siku ya hukumu, wasema wenye kukipokea, maskini atakayetoa udhuru kwamba alishughulika na riziki akakosa wakati wa kusoma ataulizwa kama alikuwa maskini kuliko Hillel. Ni hoja kali, na kwa mvivu huenda ikawa dawa. Lakini katika mkutano ule wa hukumu mbona haitwi yule mlinzi? Mbona haulizwi mtu aliyemweka pale, akamwamuru achukue nusu ya ujira wa kibarua kabla ya kumruhusu asikilize maneno ya Mungu? Tumezoea kumsifu anayeganda juu ya paa, na sifa zetu, kwa kuwa ni za kweli na za moyo, hutupumzisha tusiutazame mlango. Kila ninapomsikia mkuu wa chuo, katika mahafali, akimtaja kwa fahari mhitimu aliyejisomesha kwa kuuza karanga na kuosha magari, nafsi yangu humfurahia yule kijana, kisha hujiuliza karo ile aliyokuwa akiitafuta ilipangwa na nani.

Sasa tuhame Yerusalemu twende Madina. Katika msikiti wa Mtume palikuwa na kipenu walipokaa watu wa Suffa, mafakiri wasiokuwa na makazi wala mali, ambao walishinda hapo wakijifunza dini. Na palikuwa na vijana sabini wa Kiansari, yaani wenyeji wa Madina, walioitwa al-Qurra, yaani wasomaji, ambao usiku walisoma na kuswali, na mchana walichota maji wakayaweka msikitini, wakaenda kukata kuni, wakaziuza, na kwa thamani ya kuni zile wakanunua chakula cha watu wa Suffa na wahitaji wengine. Wengi wao waliuawa katika Bir Mauna mwaka wa 4 wa Hijra, na Mtume aliwahuzunikia kwa siku nyingi. Hawa nao walikuwa wanachuo wafanyao kazi nje ya saa za masomo, kama Hillel. Nao walitokwa na jasho lile lile, wakabeba mizigo ile ile. Tofauti i katika njia ya ujira. Nusu ya ujira wa Hillel ilikwenda kwa mlinzi wa mlango, na ujira wa Waansari ulikwenda kwa mwanafunzi mwenzao mwenye njaa, kwa kuwa mlango wa msikiti ule haukuwa na wa kuulinda kwa fedha.

Wala asidhani mtu kwamba Madina ilimtaka kila mtafuta elimu akate kuni. Abu Huraira, ambaye amepokea hadithi nyingi kuliko sahaba mwingine yeyote, alieleza mwenyewe sababu: ndugu zake Muhajirina, yaani waliohamia Madina, walishughulishwa na masoko na ndugu zake Ansari walishughulishwa na mashamba yao, naye alimwandama Mtume akitosheka na kile kilichoshibisha tumbo, akahudhuria wasipohudhuria wao, akahifadhi wasichokihifadhi. Faragha yake ilikuwa hazina ya umma mzima, na hazina hiyo ililindwa na kuni za wengine. Na Umar bin Khattab, ambaye alikuwa na familia na shughuli, amesimulia kwamba yeye na jirani yake wa Kiansari walishika zamu: siku moja huyu hushuka kwa Mtume akasikia yaliyofundishwa siku ile na kumletea mwenziwe, na siku ya pili yule hushuka, na huyu hushughulika na maisha. Sijui mpango wa kazi na masomo ulio mwepesi na wenye insafu kuliko huo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa bwana wa mwenziwe, na hakuna aliyefanya kazi siku zote wala aliyesoma siku zote.

Baada ya zaidi ya miaka mia moja, mjini Kufa, alikuwapo kijana maskini aliyeitwa Abu Yusuf, ambaye wazee wake walikuwa wakimwondoa darasani kwa Abu Hanifa ili akafanye kazi ya kuwaletea riziki. Abu Hanifa hakumpa mawaidha ya subira. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri, mwenye duka lake, na alipotambua sababu ya kijana kukosekana alimpa mfuko wa fedha, akamwambia asiache darasa, na ukiisha amjulishe. Na wapokezi husema kwamba aliendelea kumpa kabla hajaomba. Kijana yule akawa kadhi mkuu wa dola ya Abbasi. Naitaja habari hii kwa sababu humbainishia mwenye kufikiri kwamba wapo wanafunzi ambao wema wa kweli kwao ni kuwaondolea kazi, wala si kuwapa. Na mwalimu aliyeyajua hayo alikuwa yeye mwenyewe mtu wa soko, aliyejua uzito wa saa moja ya muda wa mtu.

Kwa hiyo hukumu ya dini juu ya kazi ya mwanachuo haina mashaka. Kazi ya mkono ni halali na ni tukufu. Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mikono yake, Mtume Paulo alishona mahema Korintho alipokuwa akihubiri, na watawa wa kanuni ya Benedict waligawa siku baina ya sala, kitabu na shamba. Lakini ni kosa kubwa kuuchukua utukufu huo wa kazi, ambao ni haki ya mfanyakazi, na kuugeuza uwe pazia la kumfunika asiyefanya kazi na anayenufaika kwayo.

Nchi ambayo kazi hii ya wanachuo imepata sheria, ofisi na hesabu zake ni Marekani, na huko ndiko vijana wetu wengi wameionja kwanza. Mwaka wa 1872 Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani, alifika katika shule ya Hampton huko Virginia baada ya safari ndefu aliyoifanya kwa sehemu kwa miguu, akiwa mchafu na hana kitu. Mwalimu aliyempokea alisitasita, kisha akampa ufagio na kumwambia akafagie chumba kimoja cha darasa. Alikifagia mara tatu, akakipangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha kitambaa chake juu ya mbao, asipate hata chembe, akamkubali, na baadaye akapewa kazi ya kutunza majengo ili alipe chakula chake. Washington aliutukuza mtihani ule maisha yake yote, na alipoanzisha Tuskegee mwaka wa 1881 aliwafanya wanafunzi wafinyange na kuchoma matofali ya majengo yao wenyewe. Mwanazuoni mweusi W. E. B. Du Bois alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1903, akahofu kwamba watu weusi wakifundishwa kuridhika na ufagio watafungiwa elimu ya juu. Kwangu mimi Washington alisema kweli kuhusu ufagio, na Du Bois alisema kweli kuhusu mlango. Ufagio haukumdhalilisha kijana yule hata kidogo. Ila ni mwana gani wa tajiri, katika vyuo vikubwa vya zama zile, aliyepewa ufagio ndipo akubaliwe?

Lyndon Johnson, ambaye naye aliwahi kuokota takataka na kufagia majengo ya chuo cha ualimu cha San Marcos huko Texas alipokuwa mwanafunzi tangu mwaka wa 1927, alipokuwa Rais alitia sahihi, tarehe 20 Agosti 1964, sheria ambayo ndani yake serikali ilianza kuvipa vyuo fedha za kuwalipa ujira wanafunzi wahitaji kwa kazi za muda. Mpango ule ungaliko, na umewasaidia wengi. Lakini kijana kutoka nchi za nje hana fungu katika fedha zile. Yeye, kwa masharti ya viza yake, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya eneo la chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwa siku kamili wakati wa likizo, maadamu chuo chenyewe kina kazi ya kumpa. Ndiyo maana mtu akienda leo katika chuo chochote cha huko, jioni, atamkuta kijana wa Arusha akiwa mezani maktabani anagonga mihuri ya tarehe au kupitisha vitabu kwenye mashine, na wa Mombasa akiwa jikoni.

Jikoni pana kitu nilichokiona kwa macho yangu, nami sijapata kukisahau. Katika bwalo moja kubwa la chakula wanafunzi wakimaliza kula huziweka sinia juu ya mkanda wa mpira unaotembea, nazo hupita katika dirisha la ukutani lisilozidi kimo cha kifua cha mtu. Upande wa pili, katika mvuke wa mashine ya kuoshea, amesimama mwanafunzi mwenzao aliyefunika nywele kwa wavu na kuvaa aproni ya plastiki; huvuta kila sinia, hukung'utia mabaki katika pipa, hutenga vijiko na uma, husukumiza sahani ndani. Kutoka pale aliposimama haoni nyuso za wenzake, huona mikono tu. Kijana mmoja wa pwani aliniambia kwamba baada ya muhula mmoja aliitambua mikono ile: huu wenye pete ya shule ni wa yule anayekaa mbele yake katika somo la hisabati, na huu ni wa yule ambaye kila siku huacha nusu ya nyama. Mkono ule haukumtambua yeye. Mabaki yenyewe hayakumchukiza, wala kazi haikumshinda. Iliyompata ni huzuni ya kujua watu bila kujulikana nao, ilhali wote wameitwa wanachuo wa chuo kimoja.

Huyo huyo alinisimulia mazungumzo yake na mama yake kwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba, mama alimwuliza habari za masomo, naye, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, akataja na kazi ya jikoni.

"Mwanangu," mama akasema, "nilikuaga ukasome, kumbe umekwenda kuosha vyombo?"

"Mama, kazi ni ya saa chache tu kwa siku, na ni halali. Hapa si aibu, kila mtu hufanya."

"Kila mtu? Na wana wa matajiri wa huko nao wanaosha?"

Kijana akanyamaza, maana alikuwa mkweli, na jibu la kweli lilikuwa hapana. Mama wa watu hakusoma Aristotle wala Du Bois, lakini aliugusa mshipa wenyewe. Alikuwa tayari kuikubali kazi. Kilichomkera ni kuwa imegawiwa kwa kipimo cha umaskini. Na hapa ndipo nionapo kasoro ya ile sheria njema ya Johnson, ambayo naisema kwa heshima ya waliofaidika nayo: kwa kuwa kazi hutolewa kwa mhitaji tu, kazi yenyewe imekuwa alama ya uhitaji, na mtu akimwona mwenziwe nyuma ya dirisha amekwisha kusoma hali ya mfuko wa baba yake.

Kuna chuo kimoja huko huko Marekani, Berea, katika jimbo la Kentucky, kilichojaribu njia nyingine. Kilianzishwa mwaka wa 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, kwa msingi wa neno la Matendo ya Mitume kwamba Mungu amewaumba watu wa mataifa yote kwa damu moja; wakasoma humo weusi na weupe pamoja, hata jimbo likatunga sheria mwaka wa 1904 ya kuwatenganisha, sheria ambayo Mahakama Kuu ya nchi iliithibitisha mwaka wa 1908. Tangu mwaka wa 1892 chuo hiki hakitozi karo. Wala si kwamba kazi ni ya hiari ya maskini: kila mwanafunzi, bila kusazwa hata mmoja, hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki kwa ujira mdogo, katika hoteli ya chuo, shambani, maktabani, katika karakana za kufuma nguo, kutengeneza fagio na samani za mbao, na msimamizi wa kazi humpima mwanafunzi, na kumbukumbu ya kazi yake huandikwa kama yaandikwavyo masomo yake. Mlango umeondolewa mlinzi, na dirisha la jikoni limeondolewa upande wa aibu, kwa kuwa mkono unaoweka sinia leo kesho utakuwa unaipokea.

Mwenye hoja atasema kwamba Berea huwachagua wanafunzi kutoka nyumba zisizo na mali, basi hakuna tajiri wa kusamehewa humo. Ni kweli, na hoja hiyo siipuuzi. Mtihani mgumu ni wa chuo kinachochanganya wana wa mawaziri na wana wa wavuvi katika bweni moja, kama vilivyo vyuo vyetu. Na mtihani huo sisi tuliwahi kuukabili mapema.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia taifa katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewapunguzia mapato kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Miezi michache baada ya maandamano hayo, Machi 1967, Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ambalo watu hulikumbuka kwa habari za mashamba ya shule, wakasahau kwamba liligusa pia chuo kikuu, na liligusa jambo hili hili tunalolizungumza. Alisema kwamba haikuwako sababu ya wanafunzi wa vyuo vya juu kuendelea kuoshewa vyombo na kufanyiwa usafi na watu wengine. Akasema pia kuwa baadhi yao wakati wa likizo hufanya kazi katika ofisi za serikali kwa mishahara ya kawaida, na kwamba ingefaa zaidi, mpango ukisha kutengenezwa, wafanye miradi ambayo jamii inaihitaji na inayohusiana na masomo yao, hata kama hapana fedha za kutosha kuifanya kazi ya kulipwa.

Katika nusu ya kwanza ya kauli hiyo mimi ni mfuasi wake kamili. Mtu mzima mwenye miaka 20 kuoshewa sahani na mama wa miaka 50 ili apate wasaa wa kusoma juu ya usawa wa binadamu ni jambo ambalo dini yoyote italistaajabia. Lakini katika nusu ya pili nina shaka, nayo ni shaka niliyofundishwa na Abu Yusuf. Kazi isiyolipwa ni nyepesi kwa mwenye akiba na nzito kwa asiyekuwa nayo. Leo, katika likizo ndefu, mwanachuo wa Tanzania hupelekwa mafunzo kwa vitendo, na aghalabu halipwi na ofisi inayompokea. Yule mwenye mjomba mjini hulala kwa mjomba, na yule ambaye fedha zake za mkopo, zile waziitazo bumu, zimechelewa au hazikutolewa, hulipia chumba na nauli kwa deni. Wote wawili wamelitumikia taifa, na mmoja amelitumikia kwa njaa. Insafu ingetaka huduma iwe ya wote na ujira umfikie kila anayeuhitaji ale, wala usipite mkononi mwake kwa saa moja ukarudi dirishani kwa mhasibu kuwa karo.

Na saa zenyewe ni amana. Mwanachuo aliyepewa nafasi ambayo vijana wengi wa kijijini kwake hawakuipata amekabidhiwa muda wa umma, na anayeutumia muda ule kupita kiasi katika kibarua, hata akalala darasani, amepungukiwa katika amana. Ila dhambi hiyo siiandiki juu yake akiwa hana njia nyingine. Naiandika juu ya chuo kilichojua hivyo kikanyamaza. Kanuni ya saa 20 ina hekima hii, kwamba humwekea mwajiri mpaka. Na katika vyuo vyetu, ambako mwanafunzi hufanya biashara zake usiku mabwenini, akasuka nywele, akauza vitenge, akawa wakala wa fedha za simu, mpaka huo haupo, kwa kuwa rasmi hakuna ajira na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya vimeanzisha mipango ya kazi na masomo kwa wanafunzi wahitaji, nami naiombea heri, nikitaraji kwamba haitarithi ile alama ya uhitaji pamoja na wema wa ile sheria ya Johnson.

Limebaki pingamizi moja, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Tukisema wanachuo wote, bila kujali nasaba, washike zamu ya kufagia na kuosha, yule mama ambaye kwa miaka mingi amefagia kumbi zile, na kwa mshahara wake mdogo amesomesha watoto, atakwenda wapi? Itakuwa ni uadilifu wa namna gani, kuwatia adabu wana wa waungwana kwa kumnyang'anya mfagiaji tonge lake? Vyuo vingi vimekwisha kumdhoofisha kwa kumkabidhi kwa makampuni ya usafi yanayomlipa kidogo zaidi. Nasi tusiwe wa kummaliza kwa jina la usawa.

Jibu langu ni kwamba asiondolewe, apandishwe. Nyerere mwenyewe, alipolalamika kuwa shule zetu huajiri wafagiaji na watunza bustani, alitofautisha kuwaajiri ili wasimamie na wafundishe na kuwaajiri ili wafanye kazi yote. Mama yule ajua ni dawa gani huharibu sakafu, ajua maji kiasi gani hutosha ukumbi mzima siku ambazo mabomba hayatoi, ajua bomba lipi huziba mvua za masika zikianza. Hiyo ni elimu, na chuo ni mahali pa kufundisha elimu. Basi apewe wanafunzi wake kwa zamu, kumi kumi, awe mwalimu wao wa saa zile chache za wiki, alipwe kwa daraja la mkufunzi, na mwisho wa muhula awape alama. Najua litakaloulizwa: mwanasheria mtarajiwa, mwana wa jaji, apimwe na mfagiaji, na alama hiyo iandikwe katika hati yake karibu na sheria ya mikataba? Naam, iandikwe hapo hapo, na asiyefaulu kwa mama huyo arudie muhula unaofuata pamoja na wenziwe wa mwaka wa kwanza.